Seli Zilizokwama Kwenye Salamu

Mwalimu wa taaluma alisimama nyuma ya mkuu wa shule, akiitazama kompyuta yetu kama mtu anayemtazama kuku wa Krismasi. Aliitaka ofisini kwake, achapie mitihani. Hapa kwetu Bariadi klabu ya sayansi ina hiyo moja tu inayowaka. Tukishindwa kuonyesha kazi yake asubuhi ile, inahama.

Kazi yenyewe ilikuwa mkono. Mkono wa mtoto tumboni huanza kama kibonge, hauna vidole. Baadaye seli za katikati hufa, ndipo vidole huachana. Mimi na mwenzangu, binti wa Maswa mwenye ulimi kama wembe, tuliandika programu ambayo kila nukta kwenye skrini ni seli. Seli huwasiliana kwanza na jirani zake, halafu inaamua: nigawanyike, nitulie, au nife?

Nikabonyeza. Kibonge kikatokea. Kikakaa.

"Inafikiria," nikasema.

"Kama wewe kwenye Hesabu," akajibu mwalimu wa taaluma.

Haikuongezeka hata nukta moja. Madam wa Bailojia, aliyetuombea nafasi ile, alikuwa anaisokota leso yake kama anaikamua.

Mwenzangu akaninong'oneza. "Ngosha, ile sehemu ya jirani umeandikaje?"

"Kama nyumbani. Seli inasema mwangaluka, jirani anajibu mwangaluka."

"Halafu?"

"Halafu anayeambiwa mwangaluka anaji..."

Hapo nikaliona kosa. Salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, kwenda na kurudi ni neno lile lile. Kila jibu limekuwa salamu mpya, na kila salamu inadai jibu. Seli zangu, zenye adabu kuliko mimi, zilikuwa zimesimama njiani zinaamkiana mpaka kiama.

"Weka shikamoo, mjinga wewe. Marahaba haijibiwi."

Nikaanza kufuta. Seli changa iamkie kubwa, kubwa ijibu, basi. Nakosea herufi, narudia.

Mkuu akatazama saa. "Mwalimu, ichukue tu."

Mwalimu wa taaluma akashika waya wa chaji.

"Shikamoo, mwalimu!" nikaropoka.

"Marahaba," akaitika, mkono ukiwa umesita pale pale. "We mtoto, si umeshaniamkia?"

Nikabonyeza.

Kibonge kikavimba, kikatanuka kama mguu wa bata. Kisha mistari myeusi ikaanza kukipasua kutoka ukingoni, taratibu, seli zikifa moja moja.

"Vinne," akasema mwalimu wa taaluma. "Gumba liko wapi?"

"Limeomba ruhusa, mwalimu," nikajibu.

Madam akafumba macho. Mkuu akainama karibu na skrini, akakunjua kiganja chake mwenyewe, akalinganisha. Akakikunja, akakikunjua tena.

"Kompyuta ibaki hapa," akasema, "mpaka mkono ukamilike."

Waya ukaachiwa. Walipotoka wote, binti wa Maswa akanigeukia.

"Umesikia? Mpaka ukamilike."

"Nimesikia."

"Basi ole wako ukiniletea gumba."