Wifi Alizikataa Bagia Zangu, Kisha Akala Sita

Binti yangu anaolewa, na wifi yangu aliyesema bagia zangu hazifai kuliwa na watu wa maana amezichagua mwenyewe, kwa mdomo wake, na vidole akalamba. Mpaka ninavyoandika hapa bado hajui. Sasa ndiyo nawasalimu, wapendwa wa ukurasa huu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Admin nifiche jina, ingawa mla bagia wa Kariakoo akisoma atanijua tu.

Nina miaka hamsini na mbili, mjane wa watoto watatu. Shule niliishia darasa la saba, lakini huyu anayeolewa ni muuguzi, na masomo yake yote yametoka kwenye karai langu la mafuta pale karibu na Msimbazi. Sijisifu, nasema kilichopo. Bagia yangu ya kunde ukiing'ata nje inalia, ndani laini, giligilani inakupanda puani kabla hujameza. Kuna mwenye duka la vitenge, kila saa nne asubuhi anaacha wateja kaunta anakuja kuchagua mwenyewe, anazigeuzageuza kama anatafuta pete, anataka zile zenye vipembe vilivyoungua kidogo. Jirani yake hataki bagia, yeye ni kachori tu, anaipasua katikati na kukamulia ndimu. Mimi ukiniuliza, nachagua bagia ya mwisho, ile iliyobeba pilipili zote zilizozama chini ya bakuli. Hiyo sikuuzii hata uje na nani.

Sasa huyu wifi ni dada wa marehemu mume wangu, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe ya kumuaga binti. Kikao cha tatu tulifika kwenye vitafunwa. Nikanyoosha mkono, nikasema hilo niachieni mimi, nitakaanga mwenyewe, ndiyo zawadi yangu kwa mwanangu. Wifi akavua miwani.

"Wifi yangu, wanakuja wakwe wenye heshima zao. Tuwape bagia za kwenye beseni, waseme mtoto wetu tumemtoa barabarani?"

Kamati nzima ikacheka. Nikacheka nao, huku namtazama wifi. Huyu ni mtu ambaye Ramadhani nzima anafuturu kwa bagia ninazompelekea mimi, na sahani zangu tatu hajarudisha mpaka leo.

Wakakubaliana, kama kamati zote zinavyofanya, wapishi watatu walete vya kuonja kikao kinachofuata, wajumbe wale halafu wachague. Nikarudi nyumbani sijalala vizuri. Asubuhi nikamwita Rehema, mpangaji mwenzangu, dada wa saluni ambaye kamati haimjui, anajua kuvaa na kuongea. Nikamwambia shoga yangu, wewe kikao kijacho ni mpishi kutoka Kigamboni. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikakaanga alfajiri ya siku ya kikao, bagia zile zile, kachori zile zile, chatini ile ile ya embe mbichi na nazi. Nilichobadilisha ni boksi jeupe na utepe wa dhahabu, na kila bagia nikaivalisha kikaratasi chake kama inaenda kubatizwa.

Kikao kikaanza. Sambusa za mpishi wa kwanza zilikuwa unga mtupu, nyama unaisikia kwa mbali. Wa pili alileta vikeki vikavu, mjumbe mmoja akaomba maji. Rehema akafungua boksi. Jamani, mnaujua ule ukimya wa watu wanaokula kitu kitamu? Nilikaa kwenye kona yangu namhesabia wifi. Moja. Mbili. Ya nne akaizamisha kwenye chatini hadi kidole. Alipofika ya sita akajifuta mdomo na kunitazama mimi.

"Umeona, wifi? Hii ndiyo bagia. Siyo zile zako zinazonuka moshi wa magari."

Nikamwambia nimeona, dada yangu. Wakapiga kura, mikono yote juu kwa mpishi wa Kigamboni, na wa wifi ndio uliotangulia.

Mpango wangu ni huu. Siku ya sherehe mshereheshaji ataita mpishi aje apongezwe. Nitatoka jikoni mimi, na kanga yangu ya kazini na beseni langu kichwani, nishike kipaza sauti nimsomee wifi maneno yake yote mawili mbele ya wakwe zake wa heshima. Nimeshafanya mazoezi kwenye kioo.

Tatizo ni binti. Alikuwepo kwenye kikao, akang'ata mara moja tu akanijua. Tulipofika nyumbani akanishika mikono.

"Mama, baba hayupo. Shangazi ndiye atakayenishika mkono kunikabidhi. Ukimwaibisha ataondoka, nani wa upande wa baba atasimama na mimi?"

Nikamjibu atasimama mama yake. Akalia, na mimi nikalia, lakini hasira haikutoka na yale machozi. Nikifumba macho nawaona wale watu wanacheka.

Basi nyie wenye busara zenu semeni na mimi, nimshushe pale pale ukumbini au nimeze, mwanangu akabidhiwe salama? Na mkisema nimeze, mniambie namezaje, maana robo tatu ya moyo wangu imeshashika kipaza sauti. Msichelewe kunijibu, kunde naziloweka Ijumaa. Na nyote mnaonifahamu, wa vitenge, wa kachori, wapangaji wote, sitaki kusikia udhuru: nawategemea ukumbini kule Gerezani, Jumamosi hii, saa kumi kamili jioni.