Barafu Niliyoivisha Blanketi

Harufu ya blanketi lililolowa ikinipita puani, mkono wangu unakimbilia mfukoni kutafuta ufunguo. Msinicheke, nawaeleza.

Jirani yetu hapa Kasulu alikuwa mwalimu aliyehamia kutoka Tanga. Friji lake lilikuwa linanguruma mpaka mbuzi wa Kibondo wanakurupuka. Kila Jumamosi alitugandishia maharage kwenye vikombe: kila mtoto na barafu yake, atafute mwenyewe njia ya kulitoa harage. Mwingine anapuliza, mwingine anasugua. Mimi nilikalia yangu, nikatembea kama bata wiki nzima.

Sasa harage nikaona ni mambo ya kitoto. Ijumaa jioni nikautumbukiza ufunguo wa sanduku la mama kwenye kikombe changu.

Asubuhi nikaichukua barafu yangu kwa mwalimu. Kufika nyumbani, namkuta mama jikoni, anajiandaa kwenda kuimba harusini. Kitenge cha kwaya kiko sandukuni.

"Mwana wanje, mwanangu, ufunguo wangu umeuona?"

"Uko njiani, mama."

Nikajifungia chumbani. Barafu jiwe! Na asubuhi za Kasulu mnazijua, hata moto wenyewe unaota moto. Jikoni siwezi kwenda, mama yuko pale pale. Basi nikaifunika barafu blanketi zito, nikaongeza la pili. Si ndivyo anavyofanyiwa mwenye baridi? Nikakaa pembeni kama nauguza mgonjwa, nangoja atoke jasho. Kufunua, imetulia, naona kama imenenepa!

Dada yangu Sesilia akaingia, akacheka mpaka akakaa chini. "Umeilaza vizuri. Bado kuibembeleza tu."

"Wenzangu wanaondoka!" mama akaita. "Niimbe na kanga ya jikoni?"

Sesilia ndiye aliyemsikiliza mwalimu wakati mimi nakalia barafu. Akaivua mablanketi, akachota chumvi jikoni, akamwaga konzi nzima, tukasugua. Ikalia kra! kra! Ufunguo huo, chini. Nilishusha pumzi, migomba yote ikainama.

Mama akaupokea. "Mbona wa baridi hivi?"

"Umelala nje, mama."

Akalamba kidole, akanitazama, akaenda kuimba.

Nimekuja kuelewa ukubwani: blanketi halina joto lake, linatunza kile lilichokikuta. Leo nauza juisi sokoni, na barafu yangu naivisha blanketi lile lile, inafika jioni haijatoka jasho. Mama akipita, anashika kwanza pindo la kanga, anahakikisha ufunguo upo. Ndipo ananisalimia.