Nyasi za Kupokelea Kamati

Alistidia hakuwa mvivu, na anayebisha aende akachume naye kahawa nusu siku tu, tuone nani ataomba maji kwanza. Mumewe, Julius, alifariki mtoto wao wa pili, Jovina, angali tumboni. Mtoto alipozaliwa na kufikisha miezi saba, mama akarudi kwenye vibarua katika mashamba ya watu huko Kamachumu: kuchuma kahawa msimu ukifika, kupalilia msimu ukipita, na siku za gulio kubeba mikungu ya ndizi kichwani. Alilala mgongo unamuuma, akaamka ungali unamuuma. Pamoja na kazi yote hiyo, watoto wake walikula mara moja kwa siku, ndizi na maharage, na siku nyingine ndizi tupu.

Kibanja alichokaa kilikuwa cha ukoo wa mumewe. Shemeji yake, Mushumbusi, alimwachia nyumba na migomba michache ya kula, lakini kahawa aliichuma mwenyewe Mushumbusi, kama desturi ilivyo kwao. Alistidia hakumnung'unikia. Alijua wajane waliofukuzwa kabla ya matanga kuisha, kwa hiyo yeye alijihesabu ana bahati.

Shida ilikuwa Jovina. Mwanzoni alikwenda naye shambani, akamlaza juu ya kitenge chini ya mibuni. Siku moja siafu wakapita hapo. Kile kilio Alistidia anakisikia mpaka leo. Msimamizi wa shamba akasema, tena kwa upole, kwamba pale si mahali pa watoto wachanga, na kama hana wa kumwachia basi akae nyumbani. Akae nyumbani wale nini? Hilo msimamizi hakulisema. Kesho yake Alistidia akamwachia mtoto binti yake mkubwa, Kokushubila, aliyekuwa darasa la tano na aliyetoka kushika nafasi ya tatu katika mtihani wa muhula.

Ilikuwa iwe wiki mbili tu. Wiki mbili zikawa mwaka. Mwalimu mkuu alikuja mara mbili kuuliza, na mara zote mbili Alistidia aliahidi kumrudisha mtoto shule, akijua kabisa hana njia. Koku mwenyewe hakulalamika, na hilo ndilo lililomkata mama yake maini. Wenzake wakipita asubuhi, alisimama kando ya njia na Jovina mgongoni, akawauliza wamefundishwa nini jana.

Sasa, mwezi wa saba, akaja Bwana Muksini. Huyu alikuwa afisa maendeleo ya jamii, mtu wa Bukoba mjini, Mwislamu mwenye maneno machache, ambaye alikuwa ameshafika pale mara kadhaa na kujionea mwenyewe. Alisema kuna kamati ya Bunge inachunguza kwa nini watoto wanabaki maskini ilhali wazazi wao wanafanya kazi. Kamati ilikuwa imeshakaa na wakuu wa idara kule Muleba, ikasomewa taarifa yenye majedwali kurasa kwa kurasa, na wajumbe wakasema taarifa wameisikia, sasa wanataka kuiona nyumba. Muksini aliwatajia nyumba ya Alistidia.

Hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimweleza kwamba kamati haigawi chochote. Kamati inauliza, inaandika, inapeleka bungeni, na serikali inatakiwa ijibu. Lakini safari hii wajumbe walitaka kupendekeza vijiji vichache vijengewe vituo vya kulelea watoto mchana, karibu na mashamba wanakofanyia vibarua mama zao. Kijiji kikipendekezwa, Jovina atakuwa na pa kushinda, na Koku atarudi darasani. Alistidia alimwomba alirudie hilo la mwisho, naye akalirudia.

"Usipange kitu, Mama Koku," alimwambia akiaga. "Hata ufagio uwe ule wa kila siku. Waache wakukute ulivyo."

Hapo ndipo Muksini alipokosea, maana alimweleza mtu mmoja jambo la ukoo mzima. Hebu niambie, ni wapi katika nchi ya Wahaya mgeni amewahi kuachwa aikute nyumba tupu? Mgeni hutandikiwa nyasi mbichi sakafuni, huletewa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa habari za safari. Na huyu hakuwa mgeni wa senti mbili; lilikuwa Bunge. Habari ilipomfikia Ma Renatha, jirani wa upande wa juu, haikumaliza siku kabla ya kufika kwa wote.

Siku ya kamati, tangu alfajiri, wanawake walikwenda rweya, kule kwenye mbuga ya nyasi nje ya vibanja, wakarudi na mafungu vichwani. Wakatandika nyumba yote mpaka kizingitini. Mushumbusi alileta mkungu ambao wanaume wawili waliushika, na mbuzi akamfunga nyuma ya nyumba. Mwingine alileta godoro, mwingine vikombe, mwingine kikapu kidogo cha kahawa. Ma Renatha alileta sare ya pili ya binti yake na viatu vyeusi, akamvisha Koku kwa mikono yake mwenyewe, kisha akavua ndala zake akampa Alistidia, kwa sababu za Alistidia zilikuwa zimefungwa kwa waya.

Alistidia alijaribu. Mtu asije akasema hakujaribu. Aliwaambia kwamba afisa kasema nyumba ionekane ilivyo, kwamba hivyo ndivyo watoto watakavyopata kituo. Ma Renatha alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Waje watu wa Bunge wakute sakafu tupu, waseme Julius alikuacha kwa watu gani?" alisema. "Julius alikuacha kwetu, Alistidia. Hakukuacha porini."

Basi Alistidia akalia, na haki ya Mungu hakuwa analia kwa hasira. Tangu Julius azikwe hakuwahi kupendwa namna ile. Angewezaje kuchukua upendo wa watu namna hiyo na kuutupa uani? Alifuta macho, akawasaidia kusawazisha nyasi.

Magari yalifika saa tano, yametoka Bukoba. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, aliyevua viatu mlangoni alipoona zile nyasi. Alizisifu. Akatafuna kahawa, akasema hajapokewa hivi tangu ziara ianze. Katibu wa kamati alikaa karibu yake na karatasi zake, na Muksini akasimama mlangoni akitazama godoro, na vikombe, na viatu vya Koku, uso umemshuka.

Mwenyekiti aliuliza kibanja kile ni cha nani. Mushumbusi akajibu kabla ya mtu mwingine kuvuta pumzi kwamba ni cha mjane wa ndugu yake, na kwamba hapa hana tatizo. Angesema nini tena mbele ya wageni, kwamba kahawa ya marehemu anaichuma yeye? Katibu akaandika. Mwenyekiti akauliza Jovina anabaki na nani mama akiwa kazini, na Ma Renatha akasema wapo wao majirani, na wanawake wote wakaitikia. Wanawake wale wale ambao saa kumi na mbili asubuhi huwa wameshatangulia kwenye vibarua. Katibu akaandika na hilo.

Kisha mwenyekiti akamwita Koku, akamshika bega, akamuuliza yuko darasa la ngapi.

Koku alimtazama mama yake. Akaitazama ile sare.

"La sita, Mheshimiwa," akasema.

Lilikuwa ndilo darasa ambalo angekuwamo. Mwenyekiti, akidhani leo ameombewa ruhusa kwa ajili ya wageni, akamwambia asome kwa bidii, kisha akamgeukia Alistidia kumuuliza kama ana la kuongeza. Muksini pale mlangoni alimkazia macho, na Alistidia alielewa kabisa macho yale yanamwomba nini. Neno lilikuwepo, limefika kooni. Lakini alipoinamisha uso aliiona miguu ya Ma Renatha, mitupu juu ya nyasi, imepasuka visigino, na ndala zake ziko kwenye miguu ya Alistidia. Kuusema ukweli kungekuwa kumvua nguo yule mama mbele ya Bunge.

Alisema anashukuru, wakaribie tena.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Magari yalipoondoka, Muksini alibaki nyuma kidogo. Hakumfokea. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba kamati inaandika inachokiona na inachoambiwa, haina jicho la tatu. Alistidia akamjibu kwamba anajua.

Saa za mchana vitu vikaanza kurudi kwa wenyewe. Godoro likaenda, vikombe vikaenda, mbuzi akafunguliwa. Mkungu Mushumbusi aliuacha, na mtu asisahau kumshukuru kwa hilo. Alistidia alipomwita Koku avue sare, mtoto alirudi nyuma hatua moja.

"Mama, nisiivue kwanza," alisema. "Wenzangu hawajapita."

Akaenda kusimama kando ya njia. Wanafunzi walipotokea wakitoka shule, Koku akaingia katikati yao, akatembea nao mpaka kwenye kona, akicheka kitu walichokuwa wakicheka. Kisha akarudi peke yake, akaivua sare, akaikunja vizuri kwenye mistari yake ile ile, akaipeleka kwa Ma Renatha. Alistidia alikuwa jikoni. Aliliona lote hilo kupitia mlangoni, na ndizi alizokuwa akimenya zikamshinda.

Muksini alirudi mwezi wa kumi na moja, mvua zikinyesha, na watu wanangoja senene wa kukaanga. Alikuwa na kurasa chache zilizotolewa nakala kutoka katika taarifa ya kamati. Alistidia alimkalisha kwenye kigoda, kwenye sakafu ya udongo, safari hii bila nyasi. Vituo vilipendekezwa kwa vijiji vingine. Kuhusu hapa, kamati iliandika kwamba inapongeza mshikamano wa jamii, na kwamba malezi ya watoto yanaendeshwa vizuri na wananchi wenyewe. Muksini alisoma pole pole, kwa aibu, kama vile yeye ndiye aliyeandika. Alisema atawataja tena kamati nyingine ikija. Hakusema itakuja lini, na Alistidia hakumuuliza.

Koku alikuwa amesimama mlangoni, Jovina mgongoni, amesinzia. Aliuliza kama kuna mahali yeye ametajwa. Muksini akasita, akamtazama mama. Alistidia akaitika kwa kichwa.

"Mtoto wa kwanza wa kaya hii, msichana wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita na anaendelea vizuri," alisoma.

Koku alimwomba arudie. Alirudia. Akauliza tena kama hiyo karatasi ni ya kweli, ya Bunge lenyewe, na Muksini akasema ndiyo, ni ya Bunge lenyewe. Basi akaomba apewe ukurasa ule.

Aliukunja mara mbili, akaenda kuutia ndani ya daftari lake la darasa la tano. Kisha akamkaza Jovina kitenge mgongoni, akachukua ndoo, akateremka kuchota maji.