Bendera Iliyofuliwa

Mama yangu mdogo hawezi kuona uchafu akanyamaza. Ukienda kumsalimia, kabla hujaketi ameshakukagua kola. Mtaani wanamwita Mama Sabuni, na wazee wa kanisa walipotaka mtu wa usafi hawakuhangaika kutafuta mbali. Walimpa kazi pamoja na chumba cha uani, na humo anaishi na bibi yangu, ambaye siku hizi hanyanyuki kitandani bila kushikwa.

Kanisa lenyewe lilijengwa na wakoloni kuwakumbuka askari wao waliouawa vitani. Ni la mawe, lina baridi hata mchana, na majina ya marehemu yamechongwa ukutani. Juu ya majina hayo zilining'inia bendera mbili za kikosi chao, zimefubaa hata rangi hazijulikani. Kila mwaka wageni huja kutoka ng'ambo kwa ibada ya kumbukumbu, na kila mwaka mama mdogo huona aibu kwa niaba ya kanisa zima.

Mwaka huu uzalendo ulimshinda. Siku moja kabla ya ibada aliazima ngazi kwa fundi umeme, akashusha bendera moja, akailoweka kwenye beseni la maji vuguvugu na sabuni kidogo, kama afanyavyo kwa nguo nyororo. Alipoiinua, bendera ilibaki majini. Mkononi alikuwa na pindo tu, na nyuzi chache za dhahabu.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa kibarazani natia zipu kwenye suruali ya mteja, mama mdogo alipofika na beseni limefunikwa taulo.

"Nishonee," akasema.

Nikafunua. "Mama mdogo, hii nini?"

"Bendera ya kanisani."

"Huu ni uji. Uji haushonwi."

Hakucheka. Alikaa kwenye benchi la wateja. "Kibarua kimeota nyasi, mwanangu. Na mama nitamlaza wapi?"

Nikageuka kukitazama chumba changu kimoja, cha mimi, mke wangu na watoto. Sitadanganya, hofu ya kwanza ilikuwa yangu mwenyewe. Haraka haraka nikamwambia nitashona nyingine kwa kitambaa kikuukuu, tukichovye kwenye chai ya rangi, nani atajua.

"Mchungaji ana macho," akasema. "Na mimi nina Mungu."

Akaenda kusema. Mchungaji alijishika kichwa. Akamweleza kwamba bendera za namna ile hazifuliwi wala hazitiwi kiraka. Huachwa zichakae zilipo mpaka zianguke zenyewe, na hiyo ndiyo heshima yake. Hakuna aliyekuambia? akauliza. Hakuna. Nani anakumbuka kumwambia mtu wa usafi asichotakiwa kusafisha? Basi, mchungaji akasema, kesho mgeni utamwambia mwenyewe, na ya kazi yako wataamua wazee.

Usiku ule hakulala. Jumapili nilimsindikiza, na ibada nzima alikuwa akikunja leso na kuikunjua. Mgeni wa mwaka huu alikuwa mzee wa fimbo, mjukuu wa mmoja wa wale askari. Alitazama juu, akaona mti mmoja wa bendera uko mtupu, akatazama tena. Mama mdogo akanishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma.

Watu walipotoka alimpelekea yale mabaki, ameyakausha na kuyafunga kwenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Mzee aliyapapasa, akanong'ona kitu.

"Anauliza ulitaka nini," mchungaji akatafsiri.

"Mwambie nilitaka ipendeze."

Mzee aliinamia tena yale mabaki. Kisha akachukua uzi mmoja wa dhahabu, akautia mfukoni, akampa mama mdogo mkono. Akamwomba mchungaji mama mdogo asifukuzwe.

Wazee wa kanisa wakakubali, kwa sharti moja: ile bendera iliyobaki asiiguse, hata kwa ncha ya ufagio. Nikashusha pumzi. Nyumbani tulikunywa chai kwa vicheko, nikamtania kwamba nitampelekea na suti za wateja wasionilipa azifue.

Baada ya wiki kadhaa nilikwenda kumjulia hali bibi, nikaambiwa mama mdogo yuko kanisani. Nilimkuta amesimama katikati, ufagio ameuegemeza ukutani, macho juu. Amekonda. Madirisha yote yamefungwa, na ndani mlikuwa na joto nisilolizoea humo. Bendera ilikuwa imechanika pembeni, inashikiliwa na nyuzi za kuhesabika.

"Twende ukapumzike," nikamwambia.

"Si walisema itaanguka yenyewe?"

"Ndiyo. Kwa hiyo huna lawama."

Akanitazama kama mtoto asiyejua kitu. "Siku ikianguka, mwanangu, nani ataamini kwamba sikuigusa?"

Nilijikuta natoka kwa kunyata, mlango nikiurudisha polepole, nisije nikatikisa hewa.