Kitenge Mbele ya Turbo

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana pikipiki na ana mdomo. Kwa pikipiki hubeba abiria kati ya Kasongo na Kabambare. Mdomo ameuweka kwa ajili yangu. Nilipofunga turbo ya lori bovu kwenye gari langu kuukuu la dizeli, alikuja karibu kila siku kuangalia, akauliza maswali mazuri kupita kiasi. Mimi nimejifundisha ufundi peke yangu, na wasikilizaji sipati wengi, kwa hiyo nilimjibu yote. Nilimchorea kwa mkaa ukutani: turbo inasukuma hewa kwenye injini, hewa iliyobanwa inapata moto, hewa ya moto ni nyepesi, injini inaivuta nyingi na kushiba kidogo, inatoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu mlimani. Ndiyo maana hewa hiyo nimeipitisha kwanza katika sanduku bapa la mabomba membamba, mbele kabisa ya gari, ili upepo wa njia uipoze.

"Na sanduku likikosa upepo?"

"Basi, umekwisha."

"Aksanti, mwalimu," alisema, nami nikafurahi.

Wakati huo tulikuwa tumeshawekeana sharti. Mdogo wa mke wangu alikuwa anaolewa Kabambare, na mimi ndiye niliyepaswa kumpeleka, pamoja na mama zake wadogo na magodoro. Kama abiria mmoja atashuka ili gari lipande kilima cha mwisho, mimi nitafunga kitenge kiunoni na kutwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwa bwana harusi, mbele ya wanawake wote. Wakifika juu wote wamekaa, atatwanga yeye. Kwetu utani wa mashemeji hausamehe. Mtu akitwanga siku ya harusi, watoto wake watakumbushwa.

Asubuhi ya safari nilipima mafuta, nikakaza vibano vya mipira yote ya hewa, nikaandika katika daftari. Ndani ya bomba la hewa, baada ya sanduku, nilikuwa nimepenyeza waya wa kipimajoto kidogo kilichotoka kwenye friji ya muuza samaki. Kioo chake kilining'inia mbele ya kiti cha abiria, alipokaa shangazi wa mke wangu. Huyo hapewi amri. Nilimwomba tu, kwa heshima, awe ananisomea.

Alisoma kama mtangazaji wa redio. "Makumi ine na saba!" Baada ya kijiji cha kwanza: "Makumi tano na tisa! Iko inapanda!" Kisha: "Makumi saba na mbili! Mukwe, hii motokari iko na homa!"

Sheria yangu ilikuwa kutopanda kilima hewa ikizidi nyuzi sitini. Nilisimama, nikafungua boneti. Mimi hukagua kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa mpangilio: kichujio kizima, mipira mizima, turbo haivuji. Shemeji akatupita na pikipiki yake, akapunguza mwendo.

"Mwalimu! Sombe unapenda ya laini ao ya mabongebonge?"

Nikafunga boneti, na ndipo nilipoona kitu nilichokuwa nimekizunguka tangu alfajiri. Mbele ya gari, kutoka taa hadi taa, kilikuwa kimefungwa kitenge cha harusi, kipya, kizito, kimekunjwa mara mbili. Sanduku langu lilikuwa limefunikwa kama mgonjwa.

"Mama," nilimuuliza shangazi, "nani alisema kitenge kikae pale chini?"

"Shemeji yako. Alisema watu wa Kabambare wakione vizuri. Mimi ndiye niliyekifunga. Nilifanya mubaya?"

Ningejibuje? Kumwambia shangazi wa mke wako kwamba pambo lake linaua injini ni kutafuta mashitaka ya miaka. Nikasema, kwa sauti ya kitaalamu, "Hapana, Mama. Ila kabla ya kilima kuna dimbwi baya. Tope litakiharibu."

Alishuka mbio, akafungua vifundo kwa meno, akakifungia kitenge ndani ya mkoba. Tulikuwa bado kwenye tambarare. Nililiandika hilo daftarini.

Tulipoondoka, namba zikaanza kushuka: sitini na nane, hamsini na tano, arobaini na nane. Nikaingiza gia ya pili, wanawake wakaimba, na gari likapanda bila moshi, hata magodoro hayakutikisika. Kileleni shemeji alikuwa ameketi juu ya pikipiki, ameacha kucheka.

"Mutu alishuka!" alipiga kelele. "Nilimuona Mama chini!"

"Kwenye tambarare," nilisema, nikainua daftari.

Shangazi hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ametazama nyuma, barabara nzima, vumbi tupu la kiangazi.

"Mukwe. Dimbwi iko wapi?"

"Limekauka, Mama."

"Leo asubuhi?"

Hukumu aliitoa yeye mwenyewe, uani kwa bwana harusi, mbele ya watu wote: mmoja alimtumia, mwingine alimdanganya. Tulipewa kinu kimoja, michi miwili, na kile kitenge, alichokipasua katikati kwa ajili ya viuno vyetu. Tulitwanga kwa zamu, shemeji akishuka mimi nikipanda, wanawake wakipiga vigelegele. Shangazi alikuwa amekwenda kwenye gari na kurudi na kitu mkononi. Nilihisi waya wa baridi ukipita ndani ya ukosi wangu.

"Makumi tatu na saba!" alitangaza. "Iko inapanda!"