Eda ya Mama Mkwe

Mimi niliolewa na mtu mmoja, lakini nyumba ile ya Malindi ilikuwa na kazi yake, na kazi yenyewe haikumwacha mtu nje. Baba mkwe ndiye aliyekuwa mkubwa wa pembe za ndovu zilizotoka pande za Adu, zimefichwa katikati ya magunia ya makaa. Hakubeba hata pembe moja. Alikaa barazani na kahawa yake, akasema neno, na lori likaondoka. Nikilalamika, mama mkwe hunicheka: "Ukipenda boga, mwanangu, penda na ua lake." Boga nililipenda. Ua lilinikosesha usingizi.

Baba mkwe alifariki mwanzoni mwa miaka ya themanini, mama mkwe akaingia eda. Alikaa chumba cha ndani, pazia mlangoni, na mwanamume asiye maharimu wake asimwone wala asisikie sauti yake. Lakini siri zote za kazi alikuwa nazo yeye. Dereva wa lori na wenzake wakawa wanakuja mlango wa uani wakijifanya wanatoa pole, kumbe wanamngoja mume wangu awatolee amri za mamake.

Hapo nilishtuka. Mume wangu alikuwa seremala, mpole mno, hata uongo hakuuweza. Nilijua wakizoea kupokea amri kinywani mwake, eda ikiisha watamkalisha kwenye baraza ya babake, na iko siku nitampelekea chakula jela. Nikamwomba mama mkwe maneno niyachukue mimi. Akanitazama sana, akakubali.

Basi nikawa mtu wa kwenda na kurudi. Pazia, uani, pazia. Nikikuna nazi nasikiliza mlango, nikiswali nasahau rakaa. Mume wangu nilimtafutia kazi Mombasa kwa ndugu yangu, tukakubaliana eda ikiisha tu, tunahama.

Alasiri moja dereva alikuja mbio. Lori limeshapakiwa, lipite wapi? Mama mkwe alikuwa na homa, amelala. Asubuhi ile, sokoni, mwanamke wa Matsangoni alikuwa amenung'unika kwamba polisi wamejaa kwao, kwenye barabara ya Kilifi. Nikasema kwa sauti kavu, kama niliyetumwa, "Piteni Vitengeni. Kivuko cha Kilifi kiepukeni."

Wakapita salama. Nilifurahi, tena kupita kiasi, na furaha ile ikanitia hofu kuliko polisi wenyewe. Tangu siku hiyo, mara nyingine niliwajibu bila kufika kwenye pazia.

Siku ya kutoka eda, mama mkwe alioga, akafukizwa udi, pilau ikapikwa. Watu wa kazi walikaa uani wakisubiri kutajiwa mkubwa mpya. Mikoba yetu tulikuwa tumeshaifunga. Mama mkwe akawaambia, "Mwanangu ni fundi, mwacheni aende zake. Mwenye kazi mwamjua. Ni huyu mkewe mliyekuwa mkimsikiza siku zote hizi."

Nikafungua kinywa nikatae. Wallahi nilitaka kukataa. Lakini dereva, mtu wa umri wa babangu, aliniwahi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Mzigo wa kesho upite wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikampa. Mume wangu, aliyesimama ubavuni pangu, akanitazama kama asiyenijua, na asubuhi yake akapanda basi la Mombasa peke yake.