Mkono Niliomwinulia Mama

Nakumbuka siku moja niliyomwinulia mama yangu mkono ili akae, naye akakaa. Sikumpiga, Mwanangu, usije ukanielewa vibaya. Ningempiga labda ningejuta mapema zaidi. Nilimwonyesha kiganja tu, kama askari wa barabarani anavyosimamisha gari, mbele ya ukumbi uliojaa watu, hapahapa Bagamoyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilijiona nimefika.

Sikupanga kukusimulia haya. Jana mlipokuja kwangu, wewe Rukia na wenzako wawili, niliwakaribisha kwa furaha kwa sababu mmehitimu, na kwa sababu nyote watatu nimewafundisha mimi kuvuta pumzi tangu mlipokuwa mkiimba kama mmekabwa koo. Mkanieleza onesho lenu la Jumamosi: nyimbo za kale za Ulaya, wasichana watatu wenye sauti ya kati, ile ambayo wenyewe huiita mezosoprano, na piano moja. Nikawapa hongera. Ndipo ukanipa ile karatasi ya kubandika mlangoni. Wageni wasipige vigelegele. Wasiinuke wimbo ukiendelea. Wasije mbele kutunza. Ukaniomba nisimame mlangoni niwaeleze wazazi, hasa wanaotoka mashamba, kwa kuwa mimi wataniheshimu. Wenzako walicheka. Nawe ukacheka, ukasema, "Mwalimu, mama yangu ndiye simwamini kabisa."

Niliwaaga upesi, mkadhani naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira ile haikuwa yenu.

Mimi nimezaliwa Makurunge, kwa watu wa mpunga na muhogo. Mama yangu, Bi Mwanaisha, alikuwa mwimbishaji. Harusini yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na wanawake wengine wakamwitikia. Sauti yake haikuwa nyembamba kama za wengi. Ilikuwa nzito, yenye joto, na hata ukiwa uani kwa jirani ulijua kwamba amefika. Nilipotaka kwenda chuo cha sanaa kusomea kuimba, wajomba zangu walikuja juu. Mtoto wa Kiislamu, walisema, akajifunze nyimbo za Wazungu? Mama aliwasikiliza hadi wakaishiwa maneno, kisha akasema, "Kuimba kakutoa kwangu. Nikatazeni na mie basi." Nikaenda.

Chuoni mwalimu wetu wa sauti alikuwa mama mmoja kutoka Ulaya, mkali lakini mwenye haki. Wiki ya kwanza alinisikiliza, akafunika piano, akaniuliza sauti ile nimeitoa wapi. Nilipandisha mabega, nikasema sijui. Jibu nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Huo ulikuwa mwanzo mdogo, na hakuna aliyeugundua, hata mimi mwenyewe.

Kwa miaka mitatu nilijifunza kusimama bila kuyumba, mikono imetulia, nikitamka Kijerumani na Kitaliano nisichokielewa mpaka nikakielewa. Nilijifunza pia kwamba nyimbo zile zinataka kimya. Msikilizaji hukaa, hungoja, na makofi hupigwa mwisho. Hakuna ubaya hapo. Zimetungwa kwa watu walionyamaza, nazo nazipenda mpaka leo. Nikiwa jikoni peke yangu bado naziimba, na paka wangu anavumilia. Ubaya ulikuwa wangu. Taratibu nilianza kuona kwamba wanaojua kunyamaza ndio watu, na wanaojua kuitikia ni washamba.

Onesho langu la kuhitimu lilipokaribia nilimpelekea mama habari, lakini sikumweleza lolote kuhusu utaratibu wake. Nilijipa moyo kwamba hatakuja. Ulikuwa wakati wa kuamia ndege, na ukiondoka shambani asubuhi moja tu, ndege wanamaliza jaruba zima la mpunga. Ukweli ni kwamba niliona haya kumweleza. Kumweleza kungekuwa kumwambia kuna kitu chake nisichokitaka pale.

Alikuja. Aliwaachia ndege mpunga wake, akaja na shoga yake Bi Tausi, wamevaa sare, wananukia udi. Walikaa safu ya nne katikati ya wageni waliokuja na balozi wa nchi ya mwalimu wetu, na walimu wa chuo. Nilipotokea jukwaani nikawaona, na badala ya kufurahi, niliyaondoa macho upesi.

Wewe umezaliwa Pwani, desturi unaijua, lakini leo nisikilize kama hujui. Kwetu mwimbaji akikugusa moyo hukai ukangoja amalize. Unainuka, unakwenda mbele kwa madaha huku ukiufuata wimbo, unamtunza ulicho nacho. Mama akimtunza mwanawe, anawaambia watu wote: huyu ni wangu, na nimemridhia. Na mwimbaji akikataa kutunzwa, aliyekataliwa ni mtu. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Wimbo wangu wa pili ulikuwa wa polepole, mama anambembeleza mtoto mgonjwa. Mama yangu hakuelewa hata neno moja la Kijerumani, lakini alielewa. Katikati ya ubeti wa pili nikasikia kigelegele. Nikamwona ameinuka na doti ya kanga mpya mikononi, anakuja, bega moja mbele, bega jingine nyuma, machozi yanamtoka na anacheka. Vichwa viligeuka. Mpiga piano akanitazama. Mwalimu wangu, aliyekaa safu ya mbele, hakugeuka. Aliinamisha macho kwenye magoti yake, na kile kitendo chake kidogo ndicho kilichonimaliza. Nikainua mkono, kiganja kikamwelekea mama.

Akasimama. Alidhani labda hakuona vizuri, akapiga hatua moja tena. Nikausukuma mkono mbele zaidi.

Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, kiti ambacho hakikuwa chake, akaipakata ile kanga. Na mimi, Mwanangu, niliendelea kuimba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Sikukosea hata noti moja. Pumzi ilikuwa imekaa sawa, matamshi safi, na wimbo wa mama na mwanawe niliumaliza vizuri kuliko nilivyowahi kuuimba mazoezini. Watu walipiga makofi mpaka wakasimama.

Baadaye, mlangoni, mwalimu aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Yule mama ni nani?" Aliuliza bila ubaya, nadhani alitaka kumsalimia. Nikajibu, "Ni jirani yetu wa shamba."

Mama alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amekuja kunipa mkono. Nilipogeuka tukatazamana, na nikangoja anifichue mbele ya watu, maana nilistahili. Yeye akampa mwalimu mikono yote miwili, akasema, "Sie majirani tumefurahi sana, mwalimu. Mmemfundisha vizuri." Kisha akaniaga kwa jina langu, kama unavyomwaga mtoto wa mwenzio, akaondoka na Bi Tausi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Makurunge. Bi Tausi ndiye niliyemkuta kwanza, yuko kwenye jaruba la mama anaokota masuke yaliyobakizwa na ndege. Nilimwamkia, "Shikamoo." Alijinyoosha mgongo, akaniambia, "Marahaba. Mamio hakukuharibia wimbo wako, mwana. We umemkana, na yeye kakusitiri. Ushaona mtu akasitiriwa na aliyemkana? Basi nenda kamtazame." Sijawahi kukaripiwa na mwalimu yeyote, wa hapa wala wa Ulaya, nikaumia hivyo.

Nilipiga magoti mbele ya mama. Alinisamehe palepale, akaniinua, akanipakulia wali. Usidhani alikuwa na kinyongo, hakuwa nacho. Lakini tangu siku ile hakuimba tena nikiwapo. Nikiingia penye shughuli, wimbo alimwachia mwingine. Kwenye harusi yangu mwenyewe wanawake walikwisha kaa tayari wakimngoja aanzishe, yeye mama wa bibi harusi, mwimbishaji wa Makurunge nzima, akamgeukia Bi Tausi na kumwambia, "Anza wewe." Nilimfuata jikoni na mapambo yangu, nikamwomba aniimbie, hata kwa sauti ndogo, sisi wawili tu. Akanifuta shavu. "Sitaki nikutie aibu, mwanangu, una wageni wako wakubwa." Angesema kwa kejeli ningepumua. Alisema kwa mapenzi, akiamini kabisa kwamba ananilinda.

Alifariki miaka kumi na mmoja baadaye, na Bi Tausi akamfuata. Mimi nimeimba Dar es Salaam, nimeimba Ulaya mara mbili, nimefundisha mpaka nikastaafu. Nyimbo za watu nisiowahi kuwaona ninazo kichwani kwa makumi. Za mama yangu najua mianzo minne tu, kwa sababu nyingine nilikuwa ninangoja kuzisikia siku ambayo hatanionea haya, na siku hiyo haikuja. Vijana wa chuo walipokuja na kinasa sauti kutaka nyimbo za harusi za zamani, wakasema nani atazijua kama si mtoto wa Bi Mwanaisha, niliwaambia nina mafua.

Watu husema wakati huponya. Mimi sijaona. Nimezeeka na mkono bado ni ule ule, nikiutazama najua kazi uliyofanya.

Basi nisikilize, Mwanangu. Karatasi yenu sitaibandika. Simwambii mtu yeyote apige kelele ndani ya nyimbo zenu. Kimya chenu mna haki nacho. Lakini mama yako hafundishwi na mlango. Nenda nyumbani Vigwaza leo, magari yapo mpaka jioni. Kaa naye, mwimbie nyimbo zote utakazoimba Jumamosi, hapohapo anapopepeta mchele wake, akukatize anavyotaka, akuulize zinasema nini. Mweleze kwa nini watu wanakaa kimya, umweleze kama mtu mwenye akili, maana anayo kukushinda. Kisha tengeni wakati kwenye onesho lenu, baada ya wimbo wa mwisho, wazazi wainuke, waje mbele, watunze kwa desturi yao, na ninyi msimame mpokee. Balozi akiwapo atangoja.

Na akijisahau, akainuka katikati ya wimbo, basi nyamaza wewe. Kata wimbo. Mpokee mama yako, mkumbatie, akikaa muombe radhi mpiga piano mwanze upya. Hakuna aliyekufa kwa wimbo uliokatwa. Watu wakikuuliza ni nani, mtaje kwa jina lake na useme sauti hii umeitoa kwake. Usichelewe kulisema hilo. Mimi leo ndiyo mara ya kwanza nalisema kwa sauti, na wa kulisikia hayupo.

Mungu akujaalie sauti isiyochoka na moyo usiokuwa na haya ya kwenu. Akufikishe mbali kuliko nilivyofika mimi, akulinde na sifa za watu zisikupofushe. Ampe mama yako umri mrefu, akusikilize mpaka uzeeke. Na mimi anisamehe, kama alivyonisamehe yule ambaye sikustahili msamaha wake. Amina.